Mtoto Mwenye Tiki: Mwongozo Kamili wa Kumwelewa na Kumsaidia

Mwanangu alianza na macho. Alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza, na kila akikaa kutazama katuni kope zilikuwa zinagongana kama za mtu aliyeingiwa na mchanga. Duka la dawa la mtaani wakatuuzia matone. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya wiki tano macho yakatulia, tukaisifu dawa. Miezi miwili mbele ikaja shingo: anairusha upande mmoja, ghafla, kama anayemfukuza nzi. Halafu koo. "Hm. Hm-hm." Usiku akilala, kimya. Akiamka tu, "hm". Tukanunua dawa ya kikohozi.

Ilituchukua mwaka na miezi, na fedha nisizopenda kuzihesabu, hadi kukaa mbele ya daktari aliyemwangalia mtoto dakika kumi, akauliza maswali, kisha akatamka neno moja: tiki. Mimi si mtabibu. Ni mama niliyekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, nikasoma, nikauliza, nikakosea. Haya ninayoyaandika nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningefurahi kupewa siku ile ya chupa ya kwanza.

Jua kwanza unachokitazama

Neno ni la kigeni na halina mbadala uliozoeleka, kwa hiyo tuseme tiki, ingawa mwanangu alipolisikia mara ya kwanza alidhani amepata jibu sahihi. Maana yake ni mwendo wa mwili au sauti inayomtoka mtu ghafla, fupi, ikijirudia bila mpigo maalumu, naye hakuikusudia. Kupepesa macho, kukunja uso, kurusha shingo, kupandisha bega, kukaza tumbo: hizo ni za mwili. Kusafisha koo, kuguna, kuvuta pua kama mwenye mafua, kutoa kamlio kadogo: hizo ni za sauti. Zipo na ndefu zaidi zinazoonekana kama zina maana, mfano kuruka, kugusa ukuta kila akipita, au kurudia neno la mwisho alilosema mtu.

Jicho linapocheza, lile ambalo bibi zetu hulitafsiri kuwa utapata mgeni au utalia, si tiki. Huo ni mtetemo wa msuli mdogo chini ya ngozi. Mwenyewe anausikia sana, aliye mbele yake haoni kitu.

Aliyenielewesha zaidi ni mtoto mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini anairusha shingo, akafikiri kidogo, akajibu: "Mama, ni kama chafya ya shingoni." Ndivyo ilivyo. Wengi wenye tiki, hasa wakishafika umri wa miaka minane, kumi hivi, husikia msukumo kabla: mwasho, mkazo, hali ya kitu ambacho hakijakaa sawa. Tiki ikitoka wanapata nafuu ya muda mfupi, kisha msukumo unajijenga tena. Chafya unaweza kuibana mbele ya mgeni rasmi, lakini huwezi kuibana siku nzima, na wakati unaibana hotuba ya mgeni huisikii. Hapo ndipo wazazi tunapokosea hesabu. Mtoto ametulia darasani, akifika nyumbani anarusha shingo mfululizo, tunasema, "Kumbe anaweza, anafanya makusudi." Ameibana tangu asubuhi. Nyumbani ndipo anapovua viatu.

Tabia nyingine inayowachanganya watu ni kupanda na kushuka. Wiki tatu kali, mwezi mmoja shwari, kisha zinarudi zikiwa zimehama kutoka machoni kwenda begani. Ndiyo maana kila dawa ya mtaani "hufanya kazi". Mzazi hutafuta dawa tiki zikiwa kileleni, na baada ya kilele kinachofuata ni kushuka, hata ungekuwa unampa maji ya kisima.

Kuhusu majina: zisipotimiza mwaka tangu zianze huhesabiwa kuwa za muda, na watoto wengi huishia hapo. Inakadiriwa kwamba hadi mtoto mmoja kati ya watano wa umri wa shule hupitia tiki wakati fulani. Zikivuka mwaka, na ni za mwili pekee au za sauti pekee, huitwa tiki sugu. Zikiwa za mwili mbili au zaidi pamoja na ya sauti walau moja, hata kama hazikutokea kipindi kimoja, zikavuka mwaka, na zilianza kabla ya miaka 18, hiyo ni Tourette. Jina limetoka kwa daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa wa aina hiyo jijini Paris mwaka 1885. Huwapata takriban watoto 3 hadi 8 katika kila 1,000, wavulana zaidi kuliko wasichana. Ile picha ya mtu anayetukana ovyo hadharani ipo, ila ni ya wachache, kama mmoja kati ya kumi. Mtoto hahitaji kutukana ndipo awe na Tourette.

Chanzo kiko kwenye ubongo, katika njia zinazoamua mwendo upi upite na upi uzuiwe, na kemikali ya dopamini inahusika. Kwa kiasi kikubwa ni jambo la kurithi. Nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka mjomba wangu, marehemu sasa, aliyekuwa anapandisha bega la kushoto kila anapotaka kuanza kuzungumza. Ukoo mzima tulikua tukimwiga, tukidhani ni mbwembwe za ujana alizozeeka nazo.

Kwa kawaida tiki huanza kati ya miaka minne na sita, huwa kali zaidi kati ya miaka kumi na kumi na miwili, kisha kwa wengi hupungua sana kuelekea utu uzima. Liweke hilo akilini, kwa sababu mipango yote inayofuata ni ya kumvusha mtoto kipindi hicho akiwa na heshima yake, masomo yake na marafiki zake.

Hatua ya kwanza: daftari na simu, kabla ya kwenda popote

Chukua daftari dogo. Kwa wiki mbili, kila usiku mtoto akishalala, andika mistari mitatu: tiki gani, ilizidi saa ngapi, na nini kilikuwa kikiendelea. Usihesabu mbele yake wala usimwambie unaandika. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi:

"Jumanne. Shingo, sana, saa moja hadi saa mbili usiku, anatazama mpira na baba yake. Koo kidogo. Alasiri alipokuwa anachambua mchele na dada yake, hakuna kabisa, nusu saa nzima."

Ule mchele ulinifundisha kuliko kitu chochote. Nilikaa mlangoni nikawatazama: ungo katikati, vidole vinasukuma chuya na vijiwe pembeni, wanabishana nani ameokota vingi, na shingo ile iliyokuwa inaruka asubuhi nzima imetulia tuli. Kazi inayoshika mikono na akili kwa pamoja mara nyingi huzipunguza tiki. Kukaa bure mbele ya televisheni, uchovu, msisimko wa sikukuu, homa na wiki ya mitihani huzipandisha. Lakini kila mtoto ana orodha yake, nawe utaipata kwenye daftari lako tu.

Simu nayo ni ya kurekodi video fupi, nusu dakika inatosha, siku tiki zikiwa wazi. Watoto wengi wakiingia kwa daktari hujibana, na mzazi anabaki anaonekana mzushi. Mtoto akiwa mkubwa mwombe ruhusa. Na video hiyo ni ya daktari. Isiende kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, hata kama shangazi ameomba "aione tu".

Hatua ya pili: hospitali, na maswali ya kuuliza

Anza na daktari wa watoto kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Akiona inafaa atakupa rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu au kitengo cha afya ya akili. Ukipelekwa afya ya akili usishtuke wala usijifunike mtandio. Mara nyingi hao ndio wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Tiki hutambuliwa kwa macho na kwa mazungumzo. Hakuna kipimo cha damu kinachozithibitisha, wala picha ya kichwa inayozionyesha. Ukiambiwa kapige picha ya ubongo, uliza kwa adabu, "Daktari, tunatafuta nini?" Sababu nzuri zipo, lakini ziwe zimesemwa kabla hujauza mbuzi.

Sababu hizo ni magonjwa yanayofanana na tiki kwa mbali, nayo ni vizuri uyafahamu:

Ugonjwa wa kwanza ni ule unaofuata homa ya baridi yabisi, ambayo kwetu Afrika Mashariki bado ipo. Mtoto aliumwa koo wiki au miezi kadhaa nyuma, sasa viungo vinacheza kwa mtiririko kama vinaelea, hatulii hata akijaribu, kikombe kinamponyoka, mwandiko umeharibika ghafla, pengine anasema kwa taabu. Tiki hukatika na kujirudia ile ile. Hii hutiririka na kubadilika kila sekunde. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu ugonjwa huo huenda pamoja na madhara ya moyo na una dawa zake.

Kifafa kingine hakiangushi mtu. Mtoto anakodoa macho, kope zinapepesa, anakatika katikati ya sentensi, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama hapakuwa na kitu. Mwenye tiki anakusikia na anaweza kukujibu huku kope zinapepesa.

Halafu kuna dawa. Mtoto aliyekuwa anatapika akapewa metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, kisha saa chache baadaye shingo ikapinda na kubaki imepinda, macho yakapanda juu, ulimi ukakakamaa: hiyo si tiki wala jini. Ni madhara ya dawa, na hospitali wana sindano ya kuyaondoa. Kimbia naye huko huko, na beba pakiti ya dawa.

Mambo madogo pia yasisahauliwe. Mzio wa macho upo, pumu ipo, minyoo na mafua yapo. Mtoto akisugua macho mekundu yanayowasha, hayo ni macho. Tofauti ya kikohozi na tiki ya koo mara nyingi ni usingizi: kikohozi cha pumu humwamsha mtoto saa tisa usiku, tiki ya koo kwa kawaida hulala naye.

Na kama msichana au mvulana wa umri wa sekondari, ambaye hajawahi kuwa na tiki, anaanza kwa siku moja na miendo mikubwa na maneno mengi, mweleze daktari jinsi ilivyoanza. Ipo hali inayofanana na tiki ambayo chanzo chake na matibabu yake ni tofauti, nayo haimaanishi kwamba mtoto anaigiza.

Bibi yake alisema mtoto amepatwa na jicho. Sikubishana naye. Alimwita shehe akamsomea, mtoto akalala usingizi mzuri, sote tukafurahi. Dua haina ugomvi na kliniki. Nilichokataa ni kumfukiza, kumchanja na kumnywesha vitu visivyo na jina, na nilikataa kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani.

Hatua ya tatu: mwambie mtoto, kisha nyumba nzima

Mtoto ameshajua kuna kitu. Ukinyamaza atajitungia maelezo yake, na maelezo ya mtoto huwa mabaya kuliko ukweli. Mimi nilitumia kwikwi. "Ukipata kwikwi unakusudia? Mtu akikuambia acha, inaacha? Basi shingo yako ina kwikwi yake. Inaitwa tiki. Haiambukizi, haikuui, haimaanishi huna akili, na hukufanya kosa." Akauliza swali moja: "Itaisha lini?" Nikamwambia kweli, kwamba kwa watoto wengi hupungua wakikua, na kwamba siku haijulikani.

Akiwa shabiki wa mpira una bahati. Tim Howard, kipa Mmarekani aliyedakia Manchester United kisha Everton, ana Tourette tangu utotoni na huizungumzia waziwazi. Kombe la Dunia la 2014 alisimama langoni dhidi ya Ubelgiji, mchezo ukaenda hadi dakika za nyongeza kwa sababu ya mikono yake. Mwanangu aliitafuta video hiyo akaitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Kisha waite waliobaki: dada, kaka, bibi, dada wa kazi, mjomba anayekuja Jumapili. Sheria za nyumba yetu ni tatu. Hakuna kusema "acha". Hakuna kuiga. Hakuna kuzizungumzia tiki mezani, kwa sababu kuzitaja tu kunaweza kuziita. Hata yeye akisimulia kuhusu shingo, shingo inaanza. Baba yake ndiye aliyepata taabu zaidi na sheria ya kwanza. Alikuwa anang'ata ulimi kabisa. Siku ya nne akaniambia, "Nimegundua nilikuwa nasema 'acha' mara kama hamsini kwa siku," na hakuwa ananitania.

Kupuuza tiki hakuna maana ya kumpuuza mtoto wala kumfutia majukumu. Vyombo vyake anaosha. Akimtukana dada yake kwa hasira anaadhibiwa kama mwingine. Na kama kila tiki zikizidi mnamsamehe kazi ya shule au mnampa simu atulie, bila kujua mnazimwagilia maji. Mpumzishe dakika tano, kisha arudi kumalizia.

Hatua ya nne: usingizi na ratiba

Hapa sina mengi. Alale mapema, siku zote, hata wakati wa likizo. Acheze nje kila siku. Mitihani ikikaribia, punguza masomo ya ziada ya usiku badala ya kuyaongeza. Nilijaribu njia zote mbili, na matokeo nimeyaona kwenye daftari. Kuhusu sukari, rangi za vyakula na virutubisho vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi wawili, sikuona ushahidi wa kunishawishi nitoe hela.

Hatua ya tano: mazoezi ya kuidhibiti tiki

Haya ndiyo matibabu ambayo wataalamu wengi wanashauri yaanze kabla ya dawa. Misingi yake iliwekwa na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1973. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti wa huko huko wa watoto 126 wenye umri wa miaka 9 hadi 17: baada ya wiki kumi, zaidi ya nusu ya waliofanya mazoezi walipata nafuu kubwa, wakati kwa waliopewa elimu na ushauri tu ilikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Ukipata mwanasaikolojia anayeyafahamu, mshike. Usipompata, misingi yake unaweza kuianza nyumbani kwa utulivu, mtoto akiwa na miaka tisa hivi au zaidi na akiwa anataka mwenyewe. Akiwa hataki, ahirisha. Zoezi la kulazimishwa ni "acha" iliyovaa kanzu.

Chagueni tiki moja. Mwambie azipe alama, sifuri hadi kumi, kwa jinsi zinavyomsumbua yeye. Utashangaa. Mimi ningechagua shingo kwa sababu inaonekana. Yeye alichagua koo, kwa sababu ya madrasa.

Wiki ya kwanza msijaribu kuizuia. Mtoto anajifunza kuipeleleza tu. Aeleze inaanzia wapi, inapita wapi, inaishia wapi, na hasa kitu gani anakisikia kabla. Mwanangu alisema koo "linakuwa na unywele". Kaeni dakika kumi, kila akisikia unywele ainue kidole, kabla ya sauti kutoka. Siku ya kwanza kidole kiliinuka baada ya sauti. Siku ya tano kilianza kuitangulia. Hapo ndipo penye ufunguo.

Wiki ya pili mpe kitu cha kufanya badala yake. Kiwe kinapingana na tiki kwa mwili, kiwezekane kukishikilia dakika nzima, na kiwe hakionekani sana mbele za watu:

- Kusafisha koo au kuguna: funga mdomo, vuta hewa polepole kwa pua mpaka tumbo lijae, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta.
- Kuvuta pua: vuta hewa polepole kwa mdomo, itoe hivyo hivyo.
- Kupepesa macho: tazama mbele sehemu moja, funga na kufungua kope taratibu kwa kukusudia, mara moja kila sekunde chache.
- Kurusha shingo: kichwa kimenyooka, kidevu kimeshuka kidogo, kaza misuli ya shingo kwa upole.
- Kupandisha bega: vuta mabega chini, viwiko vigusane na mbavu.
- Kurusha mkono: kiganja juu ya paja, bonyeza.

Kila akisikia msukumo, au tiki ikimponyoka, anashika zoezi hilo dakika moja au mpaka msukumo upungue. Mwanzoni unazidi, na hapo wengi hukata tamaa. Ukisubiriwa, unashuka wenyewe. Kila anaposhinda, ubongo unajifunza kwamba unywele ule hauhitaji kuondolewa.

Kazi yako ni moja: sifia juhudi, usihesabu matokeo. "Nimekuona umelishika vizuri" inatosha. Kumbusha mara moja kwa ishara mliyokubaliana, nasi yetu ni kugusa sikio, kisha nyamaza. Fanyeni dakika kumi na tano hadi ishirini kwa siku, na muda uliobaki mwache aishi. Tiki moja hutuchukua wiki mbili hadi tatu kabla ya kwenda kwenye nyingine. Watu watakuambia ukiizuia hapa itatokea pale. Utafiti haujaunga mkono hofu hiyo. Zikihama, zimehama kama zilivyokuwa zikihama tangu zamani.

Hatua ya sita: shule na madrasa

Nenda mwenyewe, mapema, kabla malalamiko hayajakutangulia. Mwanangu alishasimamishwa nje ya darasa wiki nzima kwa "kuguna kwa dharau" kabla sijaenda, na niliumia, lakini mwalimu yule naye hakuwahi kuelezwa na mtu. Beba barua ya daktari ikiwa ipo, na karatasi yako fupi isiyozidi ukurasa mmoja. Iombe mambo machache yanayowezekana kwenye darasa la watoto sabini: asiambiwe aache, akae pembeni au nyuma, mahali ambapo wenzake hawamtazami, aruhusiwe kutoka dakika mbili bila kueleza sababu, asilazimishwe kusoma kwa sauti siku mbaya, na anayemwiga ashughulikiwe kama mchokozi mwingine yeyote. Kwa mitihani ya taifa, muulize mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili kufungwa, kama anaweza kuombewa muda wa nyongeza au chumba cha peke yake.

Msikitini Ramadhani ndipo palipokuwa pagumu. Sala ya tarawehe usiku, watu wamenyamaza, na sauti inayosikika ni imamu na "hm-hm" ya mwanangu. Vichwa vilikuwa vinageuka hata ndani ya sala. Nilimwomba baba yake aongee na ustadhi. Ustadhi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu kwa asichokiweza," na toka siku hiyo mwanangu anasali mwisho wa safu, karibu na mlango, akichoka anatoka kunywa maji na kurudi. Kutoka kwake kulikuwa nadra. Kujua kwamba anaweza kutoka ndiko kulikompunguzia koo.

Hatua ya saba: tafuta yanayokuja na tiki

Wengi wenye Tourette wana jambo jingine pembeni, na mara nyingi hilo ndilo linalowaumiza zaidi. Takriban nusu wana shida ya kukosa utulivu na umakini, ile inayoitwa kwa kifupi ADHD: hamalizi kazi, anapoteza kalamu kila siku, hasubiri zamu. Wengine wana fikra zinazong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, mfano kunawa mpaka ngozi inapasuka au kurudi kuangalia mlango mara kumi. Wasiwasi, hasira za kulipuka na huzuni navyo huja. Mweleze daktari yote hayo. Kama tiki zake ni za wastani lakini hawezi kukaa na daftari dakika tano, anzeni na umakini. Zamani dawa za umakini ziliogopwa kwamba zinachochea tiki. Utafiti wa watoto 136 uliochapishwa 2002 uliipunguza sana hofu hiyo, ingawa daktari bado anapaswa kumfuatilia.

Mtoto akisema anatamani kufa, hata kwa mzaha, hilo linakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: dawa, ikibidi

Watoto wengi hawazihitaji. Hufikiriwa tiki zinapoleta maumivu, zinapomjeruhi, zinapomzuia kusoma au kulala, au zinapomtenga na wenzake na mazoezi hayajatosha. Dawa hupunguza, kuzifuta kabisa ni nadra.

Mara nyingi daktari huanza na klonidini. Huleta usingizi na kushusha presha, na haiachwi ghafla, kwani presha inaweza kuruka. Zikiwa kali zaidi kuna aripiprazoli, risperidoni na haloperidoli. Ya mwisho ni ya zamani na hupatikana zaidi hospitali zetu, lakini ina madhara mengi: kukakamaa shingo au taya, kutotulia, uzito, usingizi. Dozi iwe ndogo, ipande taratibu, na shingo ikipinda baada ya kumeza, rudi hospitali usiku huo huo. Usinunue dawa hizi dukani kwa ushauri wa jirani ambaye mtoto wake "alitulia". Muulize daktari mapema: tutajuaje kwamba inafanya kazi, na tutaisimamisha lini? Halafu tumia daftari lako kumjibu yeye.

Rudi kliniki kabla ya tarehe kama tiki ya shingo imekuwa na nguvu hadi mikono inakufa ganzi au inalegea, kama anajipiga, kama ameanza kupoteza fahamu au kusahau alichokuwa akifanya, au kama aliyekuwa anaandika na kutembea vizuri sasa hawezi.

Mwanangu ana miaka kumi na moja sasa, kilele chenyewe. Juzi bega limeanza. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika: "Jumapili. Bega la kushoto." La kushoto, kama la mjomba.